Wangazija na Washihiri wa Unguja: nani aliyefika mbali, na kwa nini?

#1 Mwana wa Malindi
Assalaam alaykum. Naleta hoja, mwenye kuipinga aje na ushahidi, sio matusi.

Wangazija (watu wa Ngazija, kisiwa cha Komoro) na Washihiri (Waarabu wa Hadhramaut, Yemen) walikuja Unguja kwa vyombo vya tanga, wote Mashafii, wengi wao mikono mitupu, hana shamba la mikarafuu wala mtaji. Ikifika miaka ya 1950 mambo yameshagawika. Mngazija ni karani, mwalimu, polisi, au mpishi wa nyumba ya Mzungu. Mshihiri ni hamali wa bandarini, muuza kahawa, au kakaa nyuma ya mzani kwenye kiduka cha rejareja. Siku zile ukiuliza nani kastaarabika utaambiwa Mngazija. Leo njoo Darajani uangalie nani mwenye duka na nani anazunguka na bahasha ya vyeti. Mie nasema Mngazija aliiamini kalamu, Mshihiri aliuamini mzani, na kalamu ikamwangusha mwenyewe. Basi.

#2 Mpemba wa Konde
Darajani mwenye duka ni Mpemba. Haya endeleeni.

#3 Bint Ukutani
Mwenye uzi umeanza vizuri, mwisho ukaharibu. Sayyid Ahmad bin Sumait, kadhi mkubwa wa Unguja, ukoo wao ni wa Shibam huko Hadhramaut, lakini yeye kazaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861. Huyo unamtia kapu gani? Na Sheikh Abdallah Bakathir aliyesomesha hapa kwetu Ukutani, asili yake Hadhramaut, mzaliwa wa Lamu. Wote wawili wamefariki 1925, na mpaka leo ukimuuliza mwanachuoni wa hapa kasoma kwa nani, naye kasoma kwa nani, utafika kwao. Sasa kalamu ilikuwa ya nani?

#4 Mwana wa Malindi
Bint Ukutani, hao ni masharifu na watu wa elimu, mie nasema mtu wa kawaida. Huko huko Hadhramaut wana matabaka yao: masharifu juu, kisha mashekhe, makabaila wenye bunduki, halafu maskini wa mjini na wakulima. Wa juu kaja na kitabu, wa chini kaja na bega lake. Uzi huu ni wa waliokuja na bega.

#5 Bint Ukutani
Kwa hiyo Mngazija unampima kwa waliosoma, Mshihiri unampima kwa waliobeba mizigo, halafu unasema umelinganisha. Sawa sheikh.

#6 Kijana wa Kariakoo
Wakuu, sisi wa bara mnatuacha. Washihiri si ndio hao hao Wamanga? Na wale Waarabu wenye mashamba wanaingia wapi?

#7 Mzee Dele
Sio hao. Mmanga ametoka Omani, kaja siku za mwisho mwisho, fukara, akafungua kiduka shamba au akawa mnunuzi mdogo wa mbata na karafuu. Wenye mashamba makubwa ni Waomani wa zamani, wa enzi za Sayyid Said na wanawe. Mshihiri ni wa Hadhramaut, anapandia bandari ya Shihr au Mukalla, anakuja na upepo wa kaskazi na akipenda anarudi na wa kusi. Ghasia za Februari 1936, zile za sheria ya ukaguzi wa mbata, walikuwa Wamanga. Juni 1961 walipouawa watu 68, wengi wao walikuwa Waarabu wa shamba, wenye viduka hivyo hivyo.

Serikali ya Mwingereza iliwatia wote chungu kimoja. Sensa ya 1948 iliandika Waarabu 44,560 katika watu 264,162. Humo ndani yumo mwenye mikarafuu asiyojua idadi yake na yumo hamali wa Funguni. Wangazija walipewa safu yao peke yao, elfu tatu na kitu. Kwa hiyo mtu akikuletea takwimu za Waarabu ili ampime Mshihiri, mwambie akae chini anywe kahawa kwanza.

#8 Kijana wa Kariakoo
Shukrani mzee. Nimekaa pale nasoma.

#9 Wakili wa Mtaa
Mnairuka sheria. Ngazija iliingia himaya ya Ufaransa mwaka 1886, na kwa muda Mngazija wa Unguja akawa ana konseli wa Kifaransa wa kumkimbilia akionewa. Mlango ule ulipofungwa, akabaki mikononi mwa Mwingereza, ambaye kila kitu alikipanga kwa kabila. Wangazija wakapigana miaka na miaka wasiandikwe katika wenyeji. Mitaani watu walisema kiburi, na kiburi hakikukosekana, lakini ndani yake mlikuwa na mambo ya tumbo: mtoto ataingia skuli gani, utaombea kazi gani, mshahara wako uko daraja gani. Jumuiya yao iliandika barua juu ya barua, na wakaanzisha skuli yao wenyewe.

Mshihiri hakuhitaji vita vile. Kwenye daftari la serikali alishakuwa Mwarabu, na serikalini hakwenda kuomba kazi. Karatasi ingemfaa nini?

#10 Mjukuu wa Kikwajuni
Wakili, karatasi ilimfaa mchele. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili mgao wa chakula ulifuata kabila lako lililoandikwa. Aliyeandikwa Mwafrika hakupata mchele kama aliyeandikwa Muasia. Ndipo watu wakakumbuka ghafla kwamba babu zao wametoka Shirazi! Bibi yangu Mngazija alikuwa akilisimulia hilo huku anacheka mpaka machozi, kisha anakaza uso: "Na sisi tulikwenda na barua yetu." Mshihiri hakuandika barua, na pale alikuwa juu yetu, hamali na yeye.

#11 Mwana wa Malindi
Mjukuu, umenipa silaha. Mtu anayepata mchele bila barua ana wakati wa kufanya biashara.

#12 Mama Kofia
Wanaume mnapiga hesabu za kazi za wanaume tu. Ngojeni na mie niseme.

Mshihiri alikuja kijana, peke yake. Mkewe yuko kwao, au hana. Akioa hapa anaoa mwenyeji, na pesa anaigawa: nusu ya hapa, nusu inapanda jahazi. Mngazija mwanamke wake alikuja naye au alimfuata. Na kule Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Mume ndiye anayehamia, na ardhi ya ukoo, manyahuli, inapitia kwa wanawake. Mila hiyo haikuvuka bahari nzima, ilivuka nusu. Bibi yangu mimi alikuwa na nyumba yake Mchangani, na babu aliingia mle na sanduku lake.

Bibi alishona kofia. Sio mashine. Kitambaa cheupe kinachorwa viua kwa kalamu ya risasi, kila kishimo kinatobolewa kwa sindano nene, kisha kinazungukwa na uzi pole pole mpaka kikaze. Kofia nzuri inachukua wiki na wiki, na hapo bado kuunga kipande cha juu na cha pembeni. Pesa zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda. Kopo lile ndilo lililolipa vitabu vya kaka zake na baadaye vya baba yangu. Kwa hiyo hiyo kalamu mnayoisifu, muulizeni aliyeinunua.

#13 Mwana wa Malindi
Tulikuwa na kalamu, tukawa na mzani, sasa imeingia sindano. Uzi huu utafika mpaka patasi.

#14 Mama Kofia
Ungevaa kofia ya kushonwa Idi iliyopita ungeujua uzi. Wewe ulivaa ya mashine, nilikuona.

#15 Duka la Babu
Mimi ni mjukuu wa hao wa mzani, nina kitu cha kuonyesha. Daftari la mkopo la babu yangu liko nyumbani, duka lilikuwa Mlandege. Limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na hakuna jina la mtu ndani yake. "Mke wa fundi baiskeli, sukari ratili moja." "Yule wa nyumba ya mnazi, mafuta ya taa chupa." "Mama wa mapacha, mchele pishi mbili, kalipa nusu." Mstari ukikatwa ujue kalipa. Ukizifikia kurasa za karibu na Ramadhani, mistari iliyokatwa huioni. Huyo mnamwita tajiri?

Usiku mle dukani walilala vijana watatu juu ya magunia, mmoja mpwa wake na wawili watoto wa binamu. Hawalipwi mshahara. Wanakula, wanavaa, wanajifunza kupima na kunyamaza. Baada ya miaka mkubwa wao anafunguliwa duka kwa bidhaa za mkopo, naye anamleta kijana mwingine kutoka kwao. Mtaji wa Mshihiri ulikuwa huo, hakuna siri nyengine. Mngazija hakuwa nao, kwa sababu mshahara wa karani humpi mpwa wako akaanzie maisha.

#16 Wakili wa Mtaa
Hapo hapana. Karani anarithisha vizuri sana. Anajua lini nafasi inatoka, anajua barua inaandikwaje, anajua mlango wa nani wa kubisha. Mbona ukitazama zile ofisi za zamani unakuta ndugu na mashemeji? Mwalimu Mngazija mmoja analeta walimu watano. Kijana kulala juu ya gunia na kijana kukaa chini ya meza ya mjomba wake ofisini ni mambo ya mama mmoja.

#17 Duka la Babu
Tofauti ni kwamba gunia ni lake.

#18 Mpemba wa Konde
Nyie watu wa mjini mnaongea kama Zanzibar yote ni Malindi na Mchangani. Njooni Pemba.

Huku Mshihiri na Mmanga walikuwa kila njia panda. Mkulima chakula kimemwishia, karafuu bado ziko mtini, anakwenda kwa mwenye duka. Anapewa mchele, anapewa na kanga ya mke, na anaahidi karafuu zikivunwa zinakwenda pale pale. Zikivunwa, bei anaipanga nani? Mwenye daftari. Babu yangu karafuu zake aliziuza hivyo, msimu mpaka msimu, na alikufa anadaiwa. Duka la Babu, daftari lako la Mlandege linapendeza kulisoma. La huku kwetu halipendezi.

Mngazija huku tulimjua mwalimu au askari. Anakuja kwa uhamisho, anakaa, analalamika mvua, anaondoka. Hakupendwa wala hakuchukiwa, maana jina letu hakuwa nalo kwenye kitabu chake.

#19 Duka la Babu
Sikatai yaliyomkuta babu yako, Mungu amrehemu. Lakini nani mwengine angemkopesha? Benki? Mkulima wa Konde angeingia benki na nini mkononi? Na huyo mwenye duka mwenyewe anadaiwa na Mhindi wa jumla wa mjini. Mwaka 1937 Wahindi walipogoma kununua karafuu, kwa sababu serikali iliipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu madaraka ya biashara ile, mkwamo haukuishia kwao. Ulishuka mpaka kwenye viduka vya njia panda.

#20 Mpemba wa Konde
Ulishuka ukatua kwa babu yangu. Chini yake hakukuwa na mtu.

#21 Abu Itsandraa
Salamu kutoka Marseille. Mie mzaliwa wa Unguja, nilikulia Ngazija, sasa niko huku Ufaransa, mji uliojaa Wangazija. Mmesema mengi, ada hamjaigusa.

Kwetu mtu hahesabiwi mtu mzima mpaka afanye ndoa kubwa. Ng'ombe, mchele, dhahabu ya bibi harusi, karamu za siku kadhaa, kila rika na mji wana fungu lao. Huku nimeona wazee wamefanya kazi za usafi na za melini umri mzima, wanaweka, wanaweka, kisha zote zinakwenda kwenye harusi moja. Mshihiri akipata pesa anafungua duka la pili. Mngazija akipata pesa anakaa safu ya mbele barazani. Mkitaka sababu ya umaskini wetu, ndiyo hiyo, msimtafute Mwingereza.

#22 Bint Ukutani
Abu Itsandraa, karibu. Lakini usituletee Marseille ya leo ukaivisha Unguja ya 1950. Ada hapa ilipunguzwa sana, wengine hawakuifanya kabisa, wakaona heshima ya cheti inatosha. Kama ada ndiyo iliyotufukarisha, mbona tulifukarika hata sisi tusioifanya?

#23 Mama Kofia
Na hiyo dhahabu inakwenda wapi? Si kwa mwanamke? Mnaita pesa iliyopotea kwa sababu haikubaki mfukoni mwenu. Nyumba ya mwanamke na dhahabu ya mwanamke ndizo zilizotulisha miaka ya foleni.

#24 Abu Itsandraa
Dada, dhahabu sawa. Ng'ombe je?

#25 Mama Kofia
Ng'ombe mlikula nyie.

#26 Mzee Dele
Mama Kofia kaitaja miaka ya foleni, na mie nilikuwa nangoja mtu afike huko.

Mapinduzi ya 1964 yalikata pande zote, lakini si kwa siku moja wala kwa kisu kimoja. Waarabu waliguswa mwanzo: wengi waliuawa, wengine wakapanda vyombo, na Mshihiri mnyonge hakuulizwa kama ana shamba au hana. Kisha biashara ikashikwa na serikali. Mwanzo wa miaka ya 1970 mchele wenyewe haupo, mwenye mzani hana cha kupima. Wangazija mwanzoni walidhani wamepona, ofisini bado wako. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaambiwa wao si raia, wakatolewa kazini, na mtu ambaye babu yake kazaliwa hapa akaambiwa aombe uraia. Sayyid Omar, mtoto wa Sayyid Ahmad bin Sumait aliyetajwa juu huko, naye kadhi kama babake, alimalizia umri wake Ngazija.

Sasa angalia. Mtu wa mshahara akitolewa kazini hana kilichobaki. Mtu wa duka akinyang'anywa duka, kuuza bado anajua, atauza hata uchochoroni kwa kuficha. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, enzi za Mzee Mwinyi, aliyekuwa na jamaa Jeddah, Dubai na Mombasa akaagiza mzigo. Karani wetu kazeeka, watoto wake wako Moroni, Ngazija. Mie sababu zote mlizotoa nazipokea, lakini bila ya hii haziwi.

#27 Mwana wa Malindi
Mzee Dele, hayo ndiyo niliyosema mwanzo. Kalamu ilimwangusha.

#28 Mzee Dele
Hukusema hivyo, sheikh. Wewe umesema alichagua vibaya. Mie nasema alichagua vizuri, akafukuzwa.

#29 Mjukuu wa Kikwajuni
Naongezea nyama hapo kwa Mzee Dele. Mjomba wangu ni katika hao waliokwenda. Alikuwa mwalimu wa hesabu Unguja. Kafika Moroni na Kiingereza chake safi, nchi inafanya kazi kwa Kifaransa, vyeti vyake hakuna wa kuvisoma. Huko wakawaita Wazanzibari, yaani hapa Mngazija, kule Mzanzibari. Akaanza kuuza vitambaa. Kwanza mabegani, kisha kwenye meza, kisha duka. Leo wanawe wanakuja Kariakoo na Darajani kununua mzigo na kupeleka Ngazija, wanajua bei kuliko wenye maduka. Kwa hiyo damu ya mzani inatoka wapi? Alinyimwa kalamu, akaushika.

Na wale Wangazija waliofukuzwa Madagascar baada ya mauaji ya Majunga ya Desemba 1976, waliorudishwa na ndege za Sabena mpaka wakaitwa Wasabena, Abu Itsandraa atatuambia, wengi si waliingia sokoni vile vile?

#30 Abu Itsandraa
Kweli, Wasabena wengi ni watu wa biashara ndogo na ufundi. Lakini huko Majunga walikuwa wafanyabiashara na mafundi tokea zamani, hawakujifunza kwa kufukuzwa. Mfano wako wa mjomba uko sawa, wa Wasabena haukai.

#31 Kijana wa Kariakoo
Hao wanunuzi wa kutoka Ngazija tunawajua sana hapa Kariakoo. Mama mmoja anaweza kukusimamisha saa nzima kwa mabeseni ya plastiki, na mwisho anakulipa alichotaka yeye.

#32 Mama Kofia
Huyo kalelewa vizuri.

#33 Jahazi la Kusi
Nimechelewa. Mnasema Mshihiri alikuja mikono mitupu. Hakuja hivyo. Vyombo vya Shihr na Mukalla vilileta papa mkavu, ng'onda na chumvi, vikarudi na boriti za Rufiji, nazi, na mafuta ya nazi. Hata baharia wa chini kabisa aliruhusiwa kupakia kifurushi chake mwenyewe, anauza anachoweza. Biashara ilianza kabla mguu haujagusa Malindi. Mngazija chombo chake kilileta nini? Watu, mifugo, mchele kidogo. Tofauti iko ndani ya jahazi.

Na kitu chengine: Mshihiri alikuwa na mzigo wa kupeleka kwao. Hadhramaut ilikula kwa pesa za waliosafiri. Mwaka 1942 Wajapani walipoishika Indonesia, pesa za Washihiri wa kule zikakatika, na miaka ya 1940 njaa ikaingia Hadhramaut watu wakafa. Waliobaki Afrika Mashariki ndio waliotazamwa. Mnaposema Mshihiri bahili, nguo moja mwaka mzima, jiulizeni alikuwa akilisha vinywa vingapi asivyoviona.

#34 Mwana wa Malindi
Kwa hoja hiyo Mshihiri angekuwa maskini zaidi, maana pesa inaondoka. Sasa mbona anapanda?

#35 Jahazi la Kusi
Kwa sababu pesa ikienda inarudi kijana. Yule wa kulala juu ya gunia, nauli yake ilitoka wapi?

#36 Mpemba wa Konde
Papa mkavu! Jahazi umenikumbusha. Malindi siku za kaskazi unapita umeziba pua, ukifika nyumbani unataka papa wa nazi na muhogo. Hivi mofa bado inapatikana mjini? Mkate wa mofa wa mtama, sio hii ya unga wa ngano.

#37 Bint Ukutani
Ya mtama imekuwa adimu. Ramadhani utaiona kwa bahati, ukiwahi.

#38 Kijana wa Kariakoo
Mofa ni nini wakuu?

#39 Mpemba wa Konde
Ni sababu ya kuja Zanzibar. Mkate unabandikwa ndani ya tanuri la udongo, unaula na mchuzi wa samaki au na asali. Washihiri ndio waliotuachia. Daftari nimewasamehe nusu kwa ajili ya mofa.

#40 Wakili wa Mtaa
Turudi. Mie bado nasema mnapima kwa maduka kwa sababu maduka yanaonekana. Madaktari, walimu wa vyuo, mahakimu wenye asili ya Ngazija waliotapakaa Muscat, London na Dar es Salaam nani kawahesabu? Mwenye duka mnamwona kila siku akifungua kufuli. Aliyesoma akiondoka hamumwoni tena, mnasema hakufika.

#41 Mwana wa Malindi
Aliyefika Muscat kafika Muscat. Mie nauliza Unguja.

#42 Wakili wa Mtaa
Basi na mwenye duka Mombasa mtoe.

#43 Mama Kofia
Mie nataka kumuuliza Duka la Babu, na asinikasirikie. Ulisema babu alikuwa na duka Mlandege. Alikuwa na mke Hadhramaut pia? Maana nawajua watu wa mtaa wetu, mzee alipofariki wakatokea watoto wa Mukalla, hawajuani kwa sura, na duka likakaa na kufuli miaka.

#44 Duka la Babu
Sikasiriki, dada. Alikuwa naye, kabla ya bibi yangu. Wana watatu, mmoja yuko hai. Duka lilichukuliwa, halafu baadaye familia ikapata chumba kimoja cha nyuma, na hicho chumba ndicho tunachogombania mpaka leo. Baba mdogo wa Mukalla hataki kuuza, shangazi zangu wa hapa wanataka, na hati ya asili hakuna mwenye kuijua iliko. Ofisi moja nimekwenda mara nyingi, kila karani ananipeleka kwa mwenzake.

#45 Wakili wa Mtaa
Usianze na hati. Anza Mahkama ya Kadhi, warithi wote watajwe, na huyo wa Mukalla aandike wakala mtu wa hapa, karatasi yake ipitie ubalozi. Daftari la mkopo lipo na tarehe?

#46 Duka la Babu
Tarehe za Kiislamu, kila ukurasa.

#47 Wakili wa Mtaa
Lipigwe picha kurasa zote kabla mchwa hawajalifikia, na usimpe mtu lile la asili. Nitumie ujumbe wa faragha.

#48 Mpemba wa Konde
Na ukilipiga picha tuletee zile kurasa za karibu na Ramadhani. Nataka kuona kama mama wa mapacha alimaliza deni.